Nani Hukaa na Mwenye Sonona?

Rungwe Mpya, kama kwingineko katika nyanda za juu za Kasulu, mkoani Kigoma, sonona huonekana kwanza shambani. Mvua zinanyesha, maharage ya majirani yameshapaliliwa, ya fulani yamemezwa na magugu, na mwenyewe saa nne asubuhi bado yuko kitandani. Jirani husema amekuwa mvivu. Ndugu husema amerogwa. Kati ya kauli hizo mbili, afadhali ya pili: aliyerogwa hutafutiwa msaada, mvivu husengenywa tu.

Msaada wenyewe hutegemea mtu kalelewa wapi. Ujiji, mji mkongwe wa Waislamu katika mkoa huohuo wa Kigoma, na Pwani kote, mgonjwa huandikiwa kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, naye akanywa. Ni tiba ya upole, wala haimlazimishi mgonjwa kueleza lolote. Ila sahani ikishaoshwa, shehe huenda zake, na nyumbani hubaki walewale waliochoka kumuuguza.

Kubandwa, ibada ya kale ya Maziwa Makuu, ilishika njia nyingine. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, aliyeingizwa katika ibada hiyo, ile ya roho Kiranga, alipata ndugu wapya wasio wa damu. Ilikuwa na gharama zake na siri zake, na sitamani irudi. Lakini aliyeingia alikuwa na watu. Makanisa ya kilokole ya leo hufanya jambo linalofanana na hilo, ingawa wachungaji hawatapenda ulinganisho huu.

Watafiti waliokwenda Rakai na Masaka, Uganda, hawakuja na ibada yoyote. Katika vijiji 15 waliunda vikundi, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili. Mazungumzo yalihusu msiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha wenye sonona vikundini wakishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, na katika vijiji visivyo na vikundi, kutoka 94 hadi 54.7. Kinachonivutia zaidi ni kwamba vikundi vingi viliendelea kukutana hata baada ya utafiti kwisha. Hakuna aliyewaamuru.

Harare, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kuwaketisha bibi wa mtaa wa Mbare kwenye mabenchi nje ya zahanati. Bibi anasikiliza, kisha mgonjwa mwenyewe anachagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Baada ya benchi kuna vikundi vya wanawake wanaosuka mikoba huku wakizungumza. Hapo Harare na Rakai zinakutana na kubandwa: mgonjwa hatoki na dawa tu, anatoka na wenzake.

Kwa Rungwe Mpya ningechagua njia ya Rakai, kwa sababu mwanakikundi huuguza na kuuguzwa. Nyumbani kwetu mzigo huangukia mtu mmoja, mara nyingi mama au mke, naye hapewi pole kama anayeuguza malaria. Msaada wa jirani si kuuliza "una nini?" kila asubuhi wala kuhimiza "jikaze". Ni kuja na jembe, kupalilia na mgonjwa mistari miwili, hata asipofungua mdomo, na kesho kutwa kurudi. Kazi hiyo pia humpa anayemuuguza nafasi ya kwenda mtoni bila hofu.

Mgonjwa asipokula wala kulala kwa majuma, apelekwe zahanati. Akitaja kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo familia huficha hadi kwa mganga wa zahanati. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Hapa kwetu bado anayetibu jeraha na anayeandika mashtaka wanaweza kumsubiri mtu mmoja kwenye mlango mmoja.