Hospitali Iliyotaja Vifo Vyake Hadharani: Miaka 280 ya Rotunda

Tarehe 15 Machi 1745, mpasuaji na mkunga Bartholomew Mosse alifungua nyumba ya kujifungulia wanawake maskini katika mtaa wa George's Lane, mjini Dublin, Ayalandi. Jengo hilo lilikuwa limewahi kutumika kwa maonyesho ya jukwaani. Siku chache baadaye akapokewa Judith Rochford, mzazi wa kwanza wa hospitali hiyo. Tangu hapo wajawazito hawajakoma kuingia. Hospitali ikahama, ikapanuka, ikapata jina la Rotunda, na Machi 2025 ikatimiza miaka 280. Miongoni mwa hospitali za uzazi ambazo hazijawahi kufunga milango yake, hii inatambulika kuwa kongwe kuliko zote duniani.

Ukongwe huo unastahili heshima, lakini kuna jambo lingine ninaloona limewafaa zaidi akina mama. Wakuu wa hospitali hii wa vizazi kadhaa walisimama mbele ya wenzao, katika mihadhara, vikao na vitabu, wakaeleza ni wazazi wangapi na watoto wangapi waliwafia mikononi, na kwa sababu gani. Historia ya Rotunda ni historia ya takwimu hizo.

Mosse alizaliwa mwaka 1712, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Akiwa kijana alisafiri na wanajeshi hadi kisiwa cha Minorca, kisha akajifunza ukunga. Aliporudi Dublin alikuta wanawake wa kimaskini wakijifungulia kwenye vyumba vya darini vilivyopitisha upepo wa baridi, au kwenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyoingia maji mvua ikizidi. Serikali haikuwa na mpango nao. Mosse hakuwa na fedha, ila alikuwa na akili ya kuzitafuta: aliandaa matamasha ya muziki, michezo ya kuigiza na bahati nasibu. Madeni ya bahati nasibu yaliwahi kumfanya akamatwe huko Wales, akatoroka na kujificha milimani.

Mwaka 1748 alikodi ardhi pembezoni mwa mji, akatengeneza bustani ambamo matajiri walilipa kiingilio ili watembee na kusikiliza muziki. Fedha hizo zikajenga hospitali. Michoro ilikuwa ya Richard Cassels, msanifu aliyezoea kuwajengea mabwana wakubwa, na jengo lilipokamilika lilifanana na kasri. Mfalme George II alitoa hati ya kuianzisha rasmi mwaka 1756, na tarehe 8 Desemba 1757 milango ikafunguliwa. Mosse alifariki Februari 1759 akiwa na umri wa miaka 46, amechoka na amezongwa na madeni. Ukumbi wa mviringo uliojengwa ubavuni mwaka 1764, kwa ajili ya kuendelea kukusanya fedha, ndio ulioipa hospitali jina lake. Hapo Charles Dickens aliwasomea watu hadithi zake mwaka 1858.

Baada ya Mosse uliwekwa utaratibu ambao kwa maoni yangu umeibeba hospitali hii kuliko kuta zake. Mkuu wa hospitali hushika nafasi hiyo kwa miaka saba, kisha huondoka na kumpisha mwingine. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba ana muda maalumu, na kwamba atakayemfuata atayakuta madaftari yake na kuyapekua. Mkuu wa pili, Fielding Ould, alikuwa tayari ameandika kitabu cha ukunga mwaka 1742, akieleza jinsi kichwa cha mtoto kinavyoelekea pembeni kinapoingia kwenye nyonga ya mama, jambo ambalo wakunga wa kabla yake hawakulieleza sawasawa.

Mhadhara wa kwanza mkubwa ulihusu watoto wachanga. Hadi mwisho wa mwaka 1782 walikuwa wamezaliwa hai hospitalini watoto 17,650, na 2,944 kati yao walikufa kabla ya kumaliza majuma mawili. Yaani karibu mtoto mmoja katika kila sita. Wengi walikufa kwa degedege lililokaza taya na mwili. Watu wa Dublin waliliita ugonjwa wa siku tisa, na kwa maelezo yaliyobaki, leo tungeliita pepopunda ya watoto wachanga. Joseph Clarke, aliyekuwa msaidizi wa Mkuu, alishuku hewa nzito ya wodi. Dari zikatobolewa matundu ya inchi 24 kwa 6. Kila fremu ya dirisha ikatobolewa matundu matatu ya upana wa inchi moja, yakiwa yameinama ili upepo usimpige mzazi kitandani. Milango nayo ikatobolewa kwa juu. Katika watoto 8,033 waliozaliwa baadaye, waliokufa walikuwa 419, mmoja katika kila 19.

Mwaka 1789 Clarke alizisoma takwimu hizo mbele ya wanazuoni wa Royal Irish Academy. Sasa tunajua kwamba vimelea vya pepopunda huingia kupitia kitovu, kwa hiyo hewa haikuwa chanzo. Hata hivyo Clarke alisisitiza pia kwamba watoto wawekwe safi na wakavu, na huenda usafi huo ulifanya kazi yake. Kilicho muhimu zaidi kwangu ni kwamba vifo 2,944 vilitajwa wazi, na aliyevitaja ni mtu wa hospitali yenyewe. Angeweza kutangaza mafanikio ya baada ya matundu akanyamaza kuhusu yaliyotangulia.

Kisha ikaja zamu ya akina mama. Homa ya nifasi iliyaandama majumba ya uzazi ya Ulaya nzima. Mwanamke alijifungua salama, siku ya tatu akapandwa na homa, tumbo likavimba, na baada ya siku chache akafariki. Robert Collins alikuwa Mkuu kuanzia 1826 hadi 1833. Mwaka 1829, homa ilipozidi, alizifunga wodi moja baada ya nyingine. Milango, madirisha na mabomba ya moshi yalizibwa, na chumba kikajazwa gesi ya klorini kwa saa 48. Baada ya hapo sakafu na mbao zote zilipakwa chokaa ya klorini iliyokorogwa hadi ikawa kama krimu, ikaachwa saa 48 nyingine. Kisha mbao zikapakwa rangi, kuta na dari zikapigwa chokaa mpya, na mablanketi yakafuliwa na kupitishwa kwenye joto kali. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1835, Collins anaeleza kwamba tangu hapo hadi alipoondoka Novemba 1833, hakuna mzazi hata mmoja aliyekufa kwa homa hiyo.

Hii ilikuwa miaka mingi kabla ya Ignaz Semmelweis kuwaamuru madaktari wa Vienna waoshe mikono kwa maji ya klorini mwaka 1847. Collins hakujua habari za vijidudu, na baada yake homa ilirejea. Ndipo ukazuka ubishi mkubwa kuliko wote.

Evory Kennedy alikuwa Mkuu baada ya Collins, na mwaka 1838 alianzisha chama cha wakunga-madaktari wa Dublin. Mwaka 1869, miaka mingi baada ya kuondoka madarakani, alisimama mbele ya chama hicho na kusema kwamba hospitali aliyoiongoza mwenyewe ilikuwa inawaua wazazi. Alilinganisha vifo vya hospitalini na vya waliojifungulia majumbani, akadai kuwakusanya wazazi wengi chini ya paa moja ndiko kunakoeneza maradhi. Akataka vijengwe vibanda vidogo, kila mzazi na chake. Hoja zilijadiliwa kikao baada ya kikao. George Johnston, Mkuu wa wakati huo, na wengine walimpinga kwa takwimu zao. Vibanda havikujengwa, lakini makaratasi yalichapishwa pamoja na majibu ya wapinzani, na kila daktari Ulaya aliweza kuyasoma. Lombe Atthill alipokuwa Mkuu mwaka 1875, aliingiza taratibu za kuua vijidudu kwa njia ya Joseph Lister, na ubishi ukaanza kupata jibu.

Kuna pengo moja katika maandishi haya yote, nalo linaniuma. Wanaosema ni madaktari. Tunajua matundu ya dari yalikuwa na upana gani, lakini hatujui Judith Rochford alisema nini alipompokea mwanawe. Maelfu ya wanawake wamo kwenye majedwali kama namba tu, na namba hizo ndizo zilizowaokoa waliokuja baada yao.

Karne ya ishirini ilipita na misukosuko yake. Aprili 1916, wapiganaji wa uhuru wa Ayalandi waliosalimu amri walilazwa usiku kucha kwenye nyasi mbele ya hospitali, chini ya ulinzi wa wanajeshi wa Uingereza. Sehemu ya bustani ya Mosse ya kutafutia fedha ikageuzwa kuwa Bustani ya Kumbukumbu ya waliopigania uhuru, iliyofunguliwa mwaka 1966. Sehemu ya kumbi zake za starehe sasa ni ukumbi wa Gate Theatre.

Kuwajibika hadharani kuliendelea. Wakuu wa Rotunda na wa hospitali nyingine mbili kubwa za uzazi za Dublin walizoea kuwasilisha ripoti zao za mwaka katika kikao cha pamoja, na mtathmini kutoka nje ya Dublin alialikwa kuzichambua bila kuoneana haya. Wakunga na madaktari wa Tanzania wanaokaa kwenye vikao vya kupitia vifo vya uzazi wanalijua jambo hili: faili linafunguliwa, saa ya kila tukio inasomwa, na mtu anaulizwa kwa nini damu ilichelewa. Huko Dublin, Siku ya Hati, inayokumbuka hati ya mfalme ya 1756, huadhimishwa kila mwaka kwa mihadhara ya kitaalamu. Watoto zaidi ya 8,000 huzaliwa Rotunda kwa mwaka, na kifo cha mama sasa ni nadra sana. Hata hivyo sehemu ya vifo vya wazazi bado imo katika ripoti ya kila mwaka, na kikitokea kimoja, kinaandikwa hapo.