Mkuu wa chuo cha ufundi apimwe kwa mizani gani?

MIJI ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu imezungukwa na viwanda vya nguo, mafuta ya kupikia, vyuma na usindikaji wa matunda. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Kwa vijana wengi wa huko, chuo cha umma cha ufundi ndicho mlango wa karibu zaidi wa ajira. Mlango huo hufunguka vyema au hukwama kutegemea uongozi wa chuo.

Kabla ya kumsifu au kumlaumu mkuu wa chuo, yafaa kujua anawajibika kwa nani. Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Thika iliwekwa chini ya Wizara ya Elimu. Vyuo vidogo vya ufundi mitaani, vilivyoanza kama vyuo vya ufundi vya vijijini miaka ya sitini, vilikabidhiwa kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ugatuzi ulianza kutekelezwa 2013, mwaka ambao pia Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi na Anuwai ilipitishwa na kuunda mamlaka ya kukagua na kutoa leseni kwa vyuo vyote, yaani TVETA.

Tofauti hiyo hugusa mfuko wa chuo. Mwaka 2018 karo ya taasisi za kitaifa iliwekwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka, serikali ikilipa Sh30,000 kwa kila mwanafunzi. Vyuo vya kaunti navyo vilitengewa ruzuku ya Sh15,000 kwa mwanafunzi, kiasi ambacho hakitoshi kununua vyuma, mbao na vitambaa vya mwaka mzima. Fedha zikichelewa, karakana hunyamaza.

Isitoshe, mkuu wa chuo haajiri wakufunzi wa kudumu. Wa taasisi za kitaifa walihamishwa kutoka Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) hadi Tume ya Utumishi wa Umma mwaka 2018, ilhali wa vyuo vya kaunti huajiriwa na kaunti. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Si haki kumtwika kiongozi mmoja lawama ya upungufu wa walimu ambao hana uwezo wa kuwaandika kazi.

Hata hivyo, yapo mambo yaliyo mikononi mwake, na hayo ndiyo mizani ya haki.

Kwanza ni bajeti. Kiongozi bora hununua vifaa vya mafunzo kabla ya kupaka lango rangi, na huwasilisha hesabu mbele ya bodi bila kusukumwa.

Pili ni matumizi ya muda. Mkufunzi asipofika darasani, mkuu ajue siku hiyo hiyo, wala si wakati wa mtihani.

Tatu ni karakana. Cherehani kumi zilizotunzwa zina faida kuliko thelathini zinazosubiri fundi.

Nne ni uhusiano na viwanda. Mafunzo yanayozingatia umilisi humtaka mwanagenzi aonyeshe anachoweza kutenda. Chuo kilicho karibu na viwanda vya Thika na Ruiru, lakini wanafunzi wake wanajitafutia wenyewe nafasi za mazoezi ya kazi, kina kasoro ya uongozi, si ya fedha.

Tano ni kumbukumbu za wahitimu. Asiyejua waliomaliza mwaka jana wanafanya kazi gani hawezi kujua kozi ipi inafaa kuongezwa au kufutwa.

Kwa hivyo, mzazi anayetafuta nafasi aulize maswali manne kabla ya kulipa karo: je, chuo kina leseni ya TVETA? Mtihani wa kozi hii hutolewa na nani? Wanafunzi wangapi hutumia mashine moja? Waliohitimu wako wapi? Mkuu anayejibu kwa takwimu, hata zile zisizompendeza, anakijua chuo chake. Anayejibu kwa ahadi anastahili kuulizwa tena.