Mtu wa Tatu Mezani: Miaka 200 ya Kuamua Vita vya Kubuni

Katika bao, kete zote zi wazi. Mchezaji na mtazamaji huona mashimo yaleyale, na asiyejua kuhesabu hujilaumu mwenyewe. Vita haviko hivyo. Adui hujificha nyuma ya kilima, mjumbe hupotea njiani, baruti hulowa. Anayetaka kuviigiza mezani hana budi kumtafuta mtu wa tatu: asiye na upande, ajuaye yaliyofichwa, mwenye kauli ya mwisho juu ya nani kaumia. Leo mtu huyo huendesha mapigano ya mashujaa na mazimwi katika michezo kama Dungeons & Dragons, lakini alizaliwa kambini.

Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prusia, Friedrich Wilhelm III, meza ya vita yenye vipande vya mandhari vinavyopangika upya. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliuhamishia mchezo huo kwenye ramani, na mwaka 1824 akachapisha kanuni zake. Makamanda waliandika amri kwenye karatasi wakamkabidhi mwamuzi. Yeye ndiye aliyesogeza vikosi, kila zamu ikiwa dakika mbili za vita, na hakuweka kikosi juu ya ramani mpaka adui awe na uwezo wa kukiona. Risasi zilipoanza kulia, alirusha dadu, akapitisha kidole kwenye jedwali, akataja hasara.

Dadu zilileta bahati, na zilimkinga mwamuzi na lawama. Lakini majedwali yalizidi kunenepa hata mchezo ukawa mzigo. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akashauri yatupwe: ofisa mzoefu aamue kwa akili yake. Mvutano ulioanzia hapo, kati ya kitabu na kichwa, haujaisha.

Ulivuka bahari. Mwaka 1880 ofisa wa Marekani, Charles Totten, alichapisha Strategos, kitabu kilichompa mwamuzi mamlaka makubwa. Karibu karne moja baadaye David Wesely wa Minnesota alikichimbua, na mwaka 1969 akaandaa mchezo alioupa jina la mji wa kubuni wa Ujerumani, Braunstein. Badala ya majeshi tu, aligawa watu: huyu meya, yule mwanafunzi. Mambo yakamponyoka. Wachezaji walinong'onezana pembeni, wawili wakataka kupigana ana kwa ana, na kanuni ya pambano hilo hakuwa nayo. Akaibuni papo hapo. Alirudi nyumbani akidhani ameharibu. Wenzake wakamtaka aandae tena.

Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, ambaye mapema miaka ya 1970 aliwaingiza wachezaji kwenye mashimo ya ngome ya Blackmoor. Alianza na kanuni za Chainmail, kitabu cha mwaka 1971 cha Gary Gygax na Jeff Perren, lakini humo mtu aliweza kufa kwa pigo moja, na wachezaji walikuwa wamekwisha kuwapenda wahusika wao. Arneson akaazima dawa kwenye mchezo wa manowari za chuma: ugumu wa deraya, na kiasi cha mapigo ambayo chombo kinaweza kustahimili kabla ya kuzama. Shujaa akawa merikebu yenye miguu. Mwaka 1974 yeye na Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza.

Katika kanuni za mwanzo raundi ilikuwa dakika nzima. Kurusha dadu mara moja kulisimamia mapigo mengi, na mwendesha mchezo, yule mtu wa tatu, alikuwa na nafasi pana ya kusimulia upanga ulipitia wapi. Wengine walitaka undani zaidi: RuneQuest ya 1978 ilihesabu pigo limeangukia mkono, mguu au kichwa. Kufikia toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mwaka 2000, raundi ilikuwa sekunde 6 na uwanja miraba ya futi 5; kitabu kilijibu karibu kila hatua. Mwaka 2010 Apocalypse World ikavuta upande mwingine: mwendesha mchezo harushi dadu kabisa, wala hakuna foleni ya zamu.

Tazama meza ya leo. Kila mmoja amerusha dadu ya pande 20 kujua nani atangulie. Zimwi dogo lina deraya ya 15 na uhai wa 7. Mpiganaji anarusha, anaongeza ustadi wake, anapata 17. Pigo limeingia. Nyuma ya kadibodi inayoficha karatasi zake mwendesha mchezo anafuta 7, anaandika 2, na kwa sauti anasema tu kwamba zimwi linachechemea likiutazama mlango. Namba ni yake, kuchechemea ni kwa wote; Reisswitz angeitambua kazi hiyo mara moja.

Kisha mchezaji wa pili anasema hapigi. Anataka kupindua meza ili mishumaa iangukie majani makavu, moto uzibe mlango. Kitabu hakina meza hiyo wala majani hayo. Macho yote yanageuka upande mmoja. Mwendesha mchezo anafikiri kidogo, anasema: "Pata 12." Dadu inaviringika, na wote wataheshimu itakapolala. Lakini ile 12 haikutoka kwenye jedwali lolote.