Sensa, Kihisi, Kitambuzi

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo neno ni moja tu: sensa. Taa inayowaka mtu akipita mlangoni ni taa ya sensa, na inayowaka jua likizama ni ya sensa vilevile. Muuzaji na mteja wanaelewana, biashara inakwenda. Mwandishi wa kitabu cha ufundi ndiye anayepata taabu, kwani sensa anayo tayari: ile ya Watu na Makazi, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 61 nchini Tanzania mwaka 2022.

Watunga istilahi wametuletea kihisi na kitambuzi, nasi tunayachanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nasema ni kazi mbili, na anayebisha ajitengenezee taa ya mezani.

Achukue kihisi mwanga, kile kidude bapa chenye mstari wa kujipindapinda usoni. Gizani ukinzani wake hupanda hata kufikia omu milioni moja. Juani hushuka hadi mamia. Basi, hakina zaidi ya hilo. Hakijui usiku wala mchana. Akilehemu rezista ya kawaida upande wa chanya na kihisi upande wa hasi, volti pale vinapokutana itapanda kadiri giza linavyoingia. Hapo aunge mguu wa transista unaopokea amri. Volti ikifika kama 0.6, transista huanza kupitisha umeme na taa za LED zinawaka. Kihisi kimehisi, aliyetambua kwamba usiku umeingia ni transista.

Kiswahili chenyewe kinatenganisha hivyo. Anayesema "nahisi" bado hajathibitisha. Anayesema "nimemtambua" ameshalinganisha sura na kumbukumbu. Ndiyo maana mashine zilizosajili laini zetu kwa alama za vidole mwaka 2019 zinastahili kuitwa vitambuzi.

Badala ya transista peke yake, weka kidhibiti kidogo chenye programu. Sasa taa itatofautisha kivuli cha mkono unaopita juu yake na machweo yanayokuja polepole. Mkono utabadili rangi, machweo yataongeza mwanga kidogo kidogo. Kihisi ni kilekile cha bei ya chini. Kilichokua ni utambuzi. (Ile ya mlangoni, inayofuata joto la mwili, huuzwa na saketi yake ya kuamua ndani ya kasha moja, kwa hiyo muuzaji anayeita yote sensa hajakosea sana.)

Kabla ya kufunika taa kwa ukili au kifuu cha nazi kilichotobolewa, angalia kihisi kinatazama wapi. Kikikaa ndani, mwanga wa taa yenyewe utakifikia, transista itadhani kumekucha, na taa itafifia au kupepesa usiku kucha. Kivishe kipande cha mrija mweusi, ukielekeze dirishani.