Majina ya Nchi ya Ufipa na Macho ya Wasafiri

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa baina ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Msafiri atokaye Sumbawanga na kupanda milima ya Mbizi hufika mahali palipopita futi 7,000, na ukingoni huliona bonde la Rukwa limetandaa chini yake. Wageni wa siku hizi huenda huko kwa matembezi: kupumzika, kuona msitu na mbega wekundu, au kuendelea hadi maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia, ambako maji huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya futi 700. Aghalabu nchi hiyo husifiwa kuwa ni pori tupu. Sifa hiyo yafaa ichunguzwe, maana historia yaikanusha.

Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 22, alipita Ufipa. Uongozi wa msafara ulikuwa umemwangukia mwaka uliotangulia, alipofariki mkuu wake, Keith Johnston. Alipoliona ziwa la Rukwa aliliita Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji, kana kwamba halikuwa na jina. Wapagazi wake waliongozwa na Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Kwa watu hao safari haikuwa matembezi. Ilikuwa mzigo kichwani na ujira mwisho wa njia. Ramani za Ulaya zilipokea jina la Leopold kwa muda, kisha likatoweka. Rukwa likabaki, kwa kuwa waliolitamka hawakuwa wapita njia.

Majina mengine yana ushahidi wa namna hiyo hiyo. Sumbawanga, kama wenyeji walielezavyo, ni amri: tupa uchawi. Mwenye kujua Kiswahili hulitambua neno la pili kwa jamaa yake, kuwanga. Chini ya mlima Itwelele kipo Milansi, makao ya watawala wa kale. Masimulizi ya Wafipa yasema kwamba wanawake watatu wageni walifika huko kwa miguu, wakakitwaa kiti cha mtawala naye hayupo. Ndipo ukaanza utawala wa Watwa, na Milansi ikabakiwa na heshima ya mambo ya mizimu. Basi Wafipa walikwisha kufikiri, kabla ya Thomson, juu ya mgeni ajaye kutazama kisha akakaa.

Tena pana malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Magofu yake yangali yakisimama nyikani. Mtembezi asiyelijua neno ilungu huweza kuyadhania vichuguu, akapita.

Hapana ubaya kupanda Mbizi kwa kujifurahisha. Lakini pori tupu ni hukumu ya asiyeelewa lugha ya mahali. Majina ya vijito, vilima na malungu yamo zaidi vinywani mwa wazee kuliko vitabuni. Yasipoandikwa kwa Kifipa na kufasiriwa kwa Kiswahili, wazee hao watakapoondoka hukumu ya wapita njia itakuwa kweli, wala hapatakuwa na mtu wa kuikanusha.