Nani Aliishi Ng'ambo? Sensa, Kodi ya Ardhi na Asili za Wakaazi wa Mji wa Zanzibar

Katika maandishi mengi kuhusu mji wa Zanzibar, Ng'ambo huelezwa kwa kulinganishwa na Mji Mkongwe: magharibi ya hori la Pwani Ndogo, ambalo lilifukiwa kwa awamu na leo ndipo inapopita Barabara ya Benjamin Mkapa, walikaa Waarabu na Wahindi katika nyumba za mawe, na mashariki yake walikaa Waafrika katika nyumba za udongo na makuti. Picha hiyo iliwafaa wapangaji miji wa kikoloni, kuanzia H. V. Lanchester mwaka 1923 hadi Henry Kendall mwaka 1958, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawafaa pia waandishi waliotaka kuionesha Ng'ambo kuwa ngome ya Waafrika dhidi ya mji wa mabwana. Makala hii inapinga msingi wake. Inadaiwa hapa kwamba takwimu za makabila zinazotumiwa kuithibitisha zilipima zaidi uhusiano wa mkaazi na ardhi, sheria na dola katika mwaka aliohojiwa kuliko zilivyopima asili ya wazee wake.

Juu ya namna Ng'ambo ilivyokua, wanahistoria hawatofautiani sana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ikatolewa mwaka 1897, na watu walioachwa huru wakahamia mjini kutoka mashamba ya karafuu na kukutana na Wanyamwezi, Wamanyema, Wayao na Wazaramo kutoka bara, Wahadimu kutoka kusini na mashariki ya Unguja, Wangazija kutoka visiwa vya Komoro, na Washihiri, yaani watu wa Hadhramaut, waliofanya kazi za uchukuzi na biashara ndogondogo. Wenye maduka wa Kihindi nao walikuwemo katika mitaa ya karibu na Darajani. Kwa hiyo hata kabla ya kutazama jedwali lolote, dai kwamba Ng'ambo ilikuwa na watu wa aina moja halisimami.

Ugumu unaanza katika majedwali yenyewe. Sensa ya 1924 iliandikisha watu wapatao 34,000 waliojitaja kuwa Waswahili katika Unguja na Pemba, lakini sensa ya 1931, miaka saba tu baadaye, iliwakuta zaidi kidogo ya 2,000. Hakuna tauni wala uhamaji ulioweza kuwaondoa watu 32,000 visiwani pasi na kuacha alama nyingine yoyote, na kwa jumla idadi ya wakaazi iliongezeka. Katika kipindi hicho hicho waliojitaja kuwa Waarabu walipanda kutoka chini ya 20,000 hadi zaidi ya 33,000, ongezeko ambalo majahazi kutoka Oman na Hadhramaut, hata yangejaa namna gani, yasingetosha kulieleza. Waliojitaja kwa majina ya wenyeji wa visiwa, yaani Wahadimu, Watumbatu na Washirazi, nao waliongezeka. Watu walikuwa wale wale, pengine katika nyumba zile zile. Kilichobadilika ni jibu walilompa karani.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni ya Laura Fair, ambaye katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za mji huu ameonesha kwamba waliokuwa watumwa walianza kwa kuyaacha majina ya makabila ya bara, wakajiita Waswahili, na jina hilo lilipokuja kunasibishwa na utumwa wakaliacha pia na kujiita kwa majina ya wenyeji huru wa visiwa. Maelezo hayo yana nguvu na makala hii haiyatupi. Hata hivyo yanaegemea mno upande wa heshima, yaani namna mtu alivyotaka kuonekana kwa mavazi, ibada na nasaba, na wasomaji wengi wa Fair wameyachukua kana kwamba mabadiliko yote yalikuwa ni suala la kupanda daraja mbele ya majirani. Sura yake mwenyewe kuhusu mgomo wa kodi ya ardhi ina ushahidi wa jambo jingine, na inasikitisha kwamba wengi wanaomnukuu huisoma sura hiyo na maelezo yake kuhusu heshima kama mambo mawili yasiyohusiana.

Katika Ng'ambo, nyumba na kiwanja vilikuwa mali ya watu wawili tofauti. Mkaazi alijenga kwa fito, udongo na makuti yake, na nyumba ilikuwa yake ya kuuza na kurithisha, lakini ardhi ilikuwa ya tajiri wa Kiarabu au wa Kihindi, au ilikuwa wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa ajili ya dini au kwa ajili ya watu maalumu. Baadhi ya wakfu hizo ziliwekwa na mabwana ili watumwa waliowaacha huru wapate pa kukaa, na wenye viwanja wengi waliwaachia watu wao wajenge bila ya malipo, kwa kuwa wingi wa watu walio chini ya mtu ulikuwa sehemu ya utukufu wake. Utawala wa Kiingereza ulipoweka Kamisheni ya Wakfu na mji ulipozidi kupanuka, fadhila hiyo ilifanywa mkataba wa fedha, kodi ya ardhi ikapanda, na wasioweza kulipa wakapelekwa mahakamani. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na serikali ikalazimika kuingilia kati kwa sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi hiyo.

Mgomo huo upo katikati ya sensa mbili zinazotatanisha, na hapa ndipo ilipo hoja kuu ya makala hii. Mtu aliyejiita Mswahili kwa maana ya mwaka 1924 alikuwa, machoni pa mwenye kiwanja na pa hakimu, mtu wa bwana fulani, aliyekaa hapo kwa ihsani na ambaye ihsani hiyo ingeweza kuondolewa. Mtu aliyejiita Mhadimu au Mshirazi alikuwa akidai kwamba wazee wake walikuwepo kisiwani kabla ya mwenye kiwanja kufika. Dai la nasaba lilikuwa wakati huo huo dai la kutofukuzika. Inaweza kusemwa kwamba sensa ilihusu visiwa vizima na mgomo ulikuwa wa mji. Ni kweli, lakini mji ndiko walikokusanyika kwa wingi watu waliokuwa na sababu ya kulibadilisha jibu lao, na Fumba, Makunduchi au Chwaka hakukuwa na mtu wa kudaiwa kodi ya kiwanja cha mjini.

Yaliyofuata yanaupa uzito mwelekeo huo huo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ulifuata kategoria za asili, mchele ukielekezwa kwa Waarabu na Waasia, kwa hiyo jibu la mtu juu ya kabila lake lilifika hadi jikoni mwake. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 264,162, kati yao 44,560 wakiandikwa Waarabu, yaani takriban mmoja katika kila sita, na takwimu hiyo ndiyo ambayo bado inarudiwa vitabuni kana kwamba ni kipimo cha damu. Sensa ya 1958, iliyofanyika mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama, haikuwatenganisha tena Waarabu na Waafrika. Watawala waliokuwa wakihesabu makabila kwa miongo mitatu waliacha kufanya hivyo pale hesabu ilipokuwa na maana kubwa zaidi ya kisiasa, na uamuzi huo pekee unatosha kumtahadharisha mtafiti.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waliouawa. Katika ghasia za Juni 1961 walikufa zaidi ya watu 60, wengi wao wakiwa Waarabu, na katika wiki za baada ya tarehe 12 Januari 1964 waliouawa walikuwa wengi mno kuliko hao. Kusema mbele ya makaburi hayo kwamba kabila lilikuwa jibu tu kwa karani kungekuwa ni dharau. Mwanahistoria Jonathon Glassman ameonesha kwa kina kwamba chuki iliyozaa mauaji hayo haikupandwa na Waingereza peke yao: wasomi na magazeti ya visiwani waliijenga kwa mikono yao. Makala hii inakubaliana naye, lakini inashikilia kwamba kategoria inayoweza kuua haithibitiki kwa hilo kuwa kategoria inayoeleza nani alikaa mtaa gani. Katika Miembeni, Kikwajuni na Mlandege, aliyeshambuliwa na aliyemficha uani mwake wangeweza kuwa majirani waliooleana.

Baada ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi yote, na suala la mwenye kiwanja likaisha kisheria. Nyumba za Mji Mkongwe zilizoachwa ziligaiwa kwa watu wa mashamba na wa Ng'ambo, na katika Ng'ambo yenyewe mitaa mizima ilivunjwa kupisha maghorofa ya Michenzani. Sensa za Tanzania baada ya ile ya 1967 haziulizi kabila, na ile ya 2022 iliyoupa Mkoa wa Mjini Magharibi watu 893,169 haimwambii mtafiti hata mmoja wao ni wa asili gani. Wapo wanaoliona hilo kuwa pengo na kutaka swali hilo lirejeshwe ili mipango ya mji iwe na takwimu kamili. Kwa ushahidi wa 1924 na 1931, swali hilo pengine lingerudisha mashindano ya zamani, na majibu yake yangekuwa na thamani ndogo kuliko wanavyodhani wanaolitaka. Anayetaka kujua Ng'ambo iliundwa na watu gani ana mafaili ya wakfu na ya kesi za ardhi katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, ambamo mkaazi anatajwa pamoja na kiwanja chake, shahidi wake na mrithi wake. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, uliozaa atlasi iliyochapishwa mwaka 2019, umeshaichora mitaa kwa majengo yake, na kazi ya kuyaoanisha majengo hayo na mafaili ya waliowahi kuyamiliki ingeweza kuanzia Mwembetanga na Kisimamajongoo, mtaa kwa mtaa.