Kujinyima kwa Shirika

Iko istilahi moja ambayo wakufunzi wa uongozi huipenda mno, yenye maana kwamba watu wafanyao kazi moja hushikamana zaidi pale kila mmoja wao, mkubwa kwa mdogo, anapoacha kitu kilicho haki yake kwa ajili ya kazi yao wote. Na mfasiri aliyeketi Dar es Salaam, kamusi mezani, aweza kuiandika kwa dakika moja kuwa ni kafara ya pamoja, asijue kwamba maneno hayo yakisomwa Geita au Kahama mbele ya wachimbaji wa dhahabu, watatazamana.

Kwani kafara, ambalo asili yake katika Kiarabu ni tendo la kufutia dhambi, huko limekwisha pata maana ya kutisha: husemwa juu ya mwenye mali aliyeambiwa na mganga kwamba mwamba hautatoa kitu mpaka damu imwagike, na watu wenye ualbino wameuawa katika Kanda ya Ziwa kwa itikadi za namna hiyo. Kafara ya huko hutoa mtu mmoja, na anayetolewa ni mwingine. Dhabihu nalo lina kisu ndani yake. Mhanga ni neno zuri, tena ni jina la mnyama yule achimbaye mashimo usiku, na mchimbaji angelicheka kulisikia, walakini magazeti yamekwisha lifungia mabomu. Na kujitolea, kwa vijana wa leo, ni kufundisha mwaka mzima pasipo mshahara huku wakingojea ajira.

Mimi nachagua kujinyima kwa shirika, nikilitwaa shirika kwa maana yake ya kale, ile ya watu kuwa na mali moja, kabla halijawa na ofisi na mhuri. Muradi wangu hasa umo katika silabi ya -ji-, ambayo ikiondolewa hubaki kunyima.

Tazama duara, yaani shimo, la wachimbaji wadogo. Wanaoshuka kwa kamba kati ya matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, aghalabu hawana mshahara. Mwenye duara hununua unga, maharage na betri za tochi, nao huchimba pengine miezi pasipo kufikia mwamba wenye kitu, wakitumainia siku ambayo mifuko ya mawe itapangwa chini, ihesabiwe hadharani, na kila mwenye fungu achukue fungu lake. Katika miezi hiyo mikavu, mwenye duara akila katika sinia lile lile, kamba huvutwa kwa moyo. Akianza kuagiza kuku wa kukaanga kutoka senta, minong'ono huanza kabla hajanawa mikono.

Wala taabu peke yake haitoshi. Mwaka 2015 machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, yaliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mende, vyura, mizizi na maji yaliyochuruzika. Hayo yalikuwa masaibu, nayo masaibu hayamuulizi mtu hiari yake, hata meneja akipenda kuyatolea mfano semina nzima.

Kielelezo kilicho karibu zaidi na istilahi yetu ni cha Oktoba 1966, pale wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pamoja na mengine yaliwataka wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18, na Mwalimu Nyerere, katika ghadhabu yake, akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa wakubwa wa serikali pia. Asilimia 20 si 60, na vijana karibu 400 waliorudishwa makwao siku hiyo bila shaka walijua hesabu. Lakini ile -ji- aliitamka.